Mganga Hajigangi: Habari za Chama cha Vyuo vya Udaktari vya Marekani

Mtu aendaye dukani kununua sukari huitazama mizani. Akiona sahani moja imelala kuliko nyenzake, hulalamika papo hapo, na mwenye duka hana budi kupima tena. Lakini mgonjwa aendaye kwa daktari hana mizani ya kutazama. Hajui kama mtu yule aliyesimama mbele yake kwa koti jeupe alisoma miaka sita au miezi sita. Kama aliwahi kuuona moyo wa binadamu kwa macho yake, au aliusikia ukitajwa tu darasani. Huvua shati, akalala kitandani, akaukabidhi mwili wake kwa imani. Je, ni nani amshikiaye mizani?

Siku moja mwanafunzi wangu wa kidato cha pili aliniuliza swali lililonishinda kulijibu mara moja. Alisema, "Mwalimu, sisi twapimwa nawe. Wewe ulipimwa na chuo. Je, chuo chenyewe hupimwa na nani?" Darasa zima lilicheka, lakini mimi sikucheka, maana swali lilikuwa la haki. Nilimwahidi kwamba nitalijibu, na insha hii ni malipo ya ahadi ile.

Wazee wetu walisema mganga hajigangi. Mwenye kutibu wengine hushindwa kuliona donda lililo mgongoni mwake, na huhitaji jicho la mwenzake. Ndivyo ilivyo kwa mtu mmoja, na ndivyo ilivyo kwa vyuo. Ili tuone ukweli wa neno hili, natuifuate safari ya chama kimoja cha nchi ya Marekani, Chama cha Vyuo vya Udaktari, ambacho mwaka wa 2026 ni wa 150 tangu kilipoanzishwa.

Tuanze na hali ilivyokuwa kabla ya chama. Katikati ya karne ya 19 vyuo vya udaktari vilikuwa vingi Marekani, lakini sehemu kubwa ya vyuo hivyo ilikuwa biashara ya walimu wenyewe. Madaktari watano au saba walikutana, wakakodi jumba, wakajiita maprofesa. Mwanafunzi alinunua tiketi ya kuhudhuria mafundisho ya kila mwalimu, na fedha zile ziliingia mfukoni mwa mwalimu yule. Masomo yalikuwa ya vipindi viwili vya miezi minne au mitano. Na ajabu ni kwamba mara nyingi kipindi cha pili kilikuwa marudio ya kile cha kwanza, neno kwa neno. Aliyeweza kulipa aliingia, hata kama kusoma na kuandika kulimshinda. Mgonjwa alionekana kwa mbali, na darubini ya kutazamia vijidudu ilikuwa kitu cha kusimuliwa.

Hata chuo cha Harvard, ambacho leo jina lake lajulikana ulimwenguni kote, hakikuwa na tofauti kubwa. Mwanafunzi alipita kwa walimu tisa, kila mmoja akamhoji kwa dakika chache, na aliyewaridhisha walio wengi alipewa shahada. Maana yake ni kwamba mtu aliweza kushindwa katika masomo manne kati ya tisa, na bado akatoka na ruhusa ya kutibu watu. Charles Eliot alipokuwa mkuu wa Harvard mwaka wa 1869, alitaka mitihani ya kuandika. Profesa mmoja mashuhuri wa upasuaji alimpinga kwa hoja ya kushangaza: kwamba jambo hilo haliwezekani, kwa kuwa zaidi ya nusu ya wanafunzi hawajui kuandika vizuri! Eliot hakurudi nyuma. Mwaka wa 1871 Harvard ilianza masomo ya miaka mitatu, yenye mpango na mitihani. Matokeo yake? Idadi ya wanafunzi ilipungua.

Hapa, ewe msomaji, ndipo penye fundo la habari hii yote, na nakuomba ulishike vema. Wako walimu waliojua kwamba mafundisho yao ni mabaya, na walitamani kuyatengeneza. Lakini chuo kilichoongeza mwaka mmoja wa masomo kiliwafukuza wanafunzi wake, wakakimbilia chuo jirani kilichotoa shahada ile ile kwa muda mfupi na kwa bei nafuu. Harvard ilikuwa na mali ya kustahimili hasara. Chuo kidogo hakikuweza. Basi kila kimoja kilimtazama mwenzake, kikasema moyoni, "Nitatengeneza wewe ukitengeneza." Na kwa kuwa hapakuwa na wa kwanza, hapakuwa na wa pili. Ubaya ulidumu kwa sababu kila mtu alikuwa peke yake, wala si kwa sababu watu wote walikuwa wabaya.

Ndiyo maana mwaka wa 1876 wajumbe wa vyuo 22 walikutana katika mji wa Philadelphia, ili washauriane jinsi ya kutengeneza mafundisho ya udaktari. Wakaunda chama. Mwaka huo huo, katika mji huo huo, daktari mpasuaji wa Uingereza, Joseph Lister, aliwaeleza madaktari waliokusanyika kutoka nchi nyingi jinsi ya kukinga vidonda visioze, kwa kuosha mikono na vyombo kwa dawa. Wengi wa Wamarekani hawakumsadiki. Miaka mitano baadaye, mwezi wa Julai 1881, Rais James Garfield alipigwa risasi. Risasi haikumwua siku ile. Madaktari waliitafuta mwilini mwake kwa vidole na vyombo visivyosafishwa, na kidonda kikaingia usaha. Aliteseka zaidi ya miezi miwili, akafa mwezi wa Septemba. Ikiwa mkuu wa nchi alitibiwa hivyo, mkulima wa kijijini alitibiwaje?

Lakini chama kile kichanga hakikuwa na nguvu. Kilipowataka wanachama wake wafundishe kwa miaka mitatu badala ya miwili, vyuo kadha vilijitoa, kwa hofu ile ile ya kupoteza ada. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 chama kililala usingizi kama aliyekufa. Ahadi bila sharti ni kamba ya mchanga. Kilipofufuka mwaka wa 1890, kilikuwa kimejifunza: masomo ya miaka mitatu yakawa sharti la kuingia chamani.

Miaka iliyofuata ilileta wasaidizi. Mwaka wa 1893 kilifunguliwa chuo cha udaktari cha Johns Hopkins mjini Baltimore, kilichodai kwamba kila mwanafunzi awe amekwisha kupata shahada ya chuo kikuu. Kiliwapokea wanawake sawa na wanaume tangu siku ya kwanza, maana mwanamke tajiri, Mary Garrett, alikuwa ametoa fedha za kukifungua kwa masharti hayo. Mwaka wa 1904 chama kikuu cha madaktari wa nchi hiyo kiliunda baraza la kuangalia elimu ya udaktari. Kisha akatokea mtu ambaye sisi walimu twaweza kumwita mwenzetu.

Jina lake lilikuwa Abraham Flexner. Hakuwa daktari. Alikuwa mwalimu wa shule katika mji wa Louisville, mtu aliyezoea kutazama daftari la mwanafunzi na kujua kama kazi imefanywa au imeigwa. Taasisi ya Carnegie ilimtuma avikague vyuo vyote vya udaktari vya Marekani na Kanada, navyo vilikuwa 155. Alikwenda chuo hata chuo, akitaka kuona kwa macho yake mwenyewe. Katika chuo kimoja alikuta milango yenye maandishi mazuri, mmoja wa somo la viungo vya mwili, mwingine wa somo la kazi za mwili, lakini yote imefungwa, na mwenye funguo hayupo. Flexner aliagana na mkuu wa chuo kana kwamba amekwenda zake, kisha akarudi peke yake, akampa mtumishi dola tano amfungulie. Ndani ya vyumba hamkuwa na vyombo vyovyote vya masomo yale. Mlikuwa na viti, meza na ubao tu.

Taarifa yake ilichapishwa mwaka wa 1910, nayo ililipuka kama baruti. Alivitaja vyuo kwa majina na kueleza aibu ya kila kimoja. Alishauri vyuo 155 vipunguzwe vibaki 31. Haikufika hapo, lakini vyuo vya Marekani, vilivyokuwa 160 mwaka wa 1904, vilibaki 85 kufikia mwaka wa 1920. Vile vilivyobaki viliunganishwa na vyuo vikuu na hospitali. Wanafunzi wakafanya kazi katika maabara na kando ya vitanda vya wagonjwa. Mgonjwa wa Marekani alianza kupata mizani.

Tungeishia hapa, hadithi ingekuwa tamu. Lakini historia si ubani wa kufukizia watu sifa. Mizani ile iliyomlinda mgonjwa ilimfungia mtu mwingine mlango. Wakati wa Flexner palikuwa na vyuo saba vya kuwafundisha Wamarekani Weusi. Vyuo vingi vya weupe havikuwapokea. Flexner alishauri viwili tu visalimike: Howard mjini Washington na Meharry mjini Nashville. Aliandika kwamba daktari Mweusi afundishwe hasa usafi na afya ya watu wake, tena sehemu ya sababu yake ilikuwa kuwalinda weupe na maradhi. Kufikia mwaka wa 1923 vile vitano vingine vilikuwa vimefungwa. Ni kweli kwamba vilikuwa maskini wa vyombo. Lakini vyuo vya weupe vilivyohukumiwa vilikuwa na ndugu wa kupokea wanafunzi wao. Vyuo vya Weusi havikuwa na ndugu. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2020 ulikisia kwamba, kama vyuo vile vitano vingaliachwa na kusaidiwa, vingalitoa madaktari wapatao 27,000 hadi 35,000 zaidi. Fikiri ni vijiji vingapi hivyo, na wagonjwa wangapi.

Thamani ya mlango mmoja uliobaki wazi yaonekana kwetu Afrika. Kijana mmoja kutoka Nyasaland, Hastings Banda, alipata shahada ya udaktari katika chuo cha Meharry mwaka wa 1937. Hata hivyo, ili aruhusiwe kutibu katika nchi zilizotawaliwa na Mwingereza, ilimbidi kusoma tena Scotland, maana mizani ya nchi moja haikukubaliwa katika nyingine. Mtu huyo ndiye aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa Malawi mwaka wa 1966. Na Mkenya Njoroge Mungai alihitimu udaktari katika chuo cha Stanford mwaka wa 1957, akarudi nyumbani, akawa Waziri wa Afya nchi ilipopata uhuru mwaka wa 1963. Miaka minne baadaye, mwaka wa 1967, Nairobi ilianza kufundisha madaktari wake yenyewe.

Turudi kwenye chama. Katika miaka ya 1920 vyuo viliona kwamba wanafunzi wengi wanashindwa njiani, na mahali pake papotea bure. Mwaka wa 1928 ukaanza mtihani mmoja wa kuwajaribu wote watakao kuingia, nao, baada ya kubadilishwa mara nyingi, wafanywa hata leo. Mwaka wa 1942 chama kiliungana na chama cha madaktari kuunda kamati moja ya kukagua vyuo na kuvipa ithibati. Hilo ndilo jibu la kwanza kwa mwanafunzi wangu: chuo hupimwa na wenzake, kwa kanuni iliyoandikwa, na kwa macho ya wakaguzi watokao nje.

Jambo jingine laonyesha fundo lile lile la zamani. Daktari mpya hana budi kufanya kazi hospitalini chini ya mabingwa kabla ya kujitegemea. Hospitali zilipogombea wahitimu wachache waliokuwapo, kila moja ilitangulia kuwaita kabla ya mwenzake, hata wanafunzi wakaahidiwa kazi miaka miwili kabla ya kumaliza masomo. Mwaka wa 1945 vyuo vilikubaliana visitoe habari za mwanafunzi kabla ya tarehe moja. Ndipo hospitali zikaanza kutuma simu za upepo, zikimtaka kijana ajibu kwa saa chache tu. Hakuna hospitali iliyoweza kusubiri peke yake. Dawa ilipatikana mwaka wa 1952: kila mwanafunzi aliandika orodha ya hospitali azipendazo, kila hospitali ikaandika orodha ya wanafunzi iwapendao, na orodha zote zikalinganishwa pamoja kwa siku moja. Mbio zikaisha. Mpango huo ungali ukitumika.

Mwaka wa 1965 taarifa nyingine ilikishauri chama kipanuke, kisiwe tena baraza la wakuu wa vyuo peke yao, bali kiziingize hospitali za kufundishia na walimu. Leo wanachama wake ni vyuo zaidi ya 150 na hospitali kwa mamia. Ukubwa huo una hatari zake. Mwaka wa 1997 chama hiki, pamoja na vyama vingine, kilitangaza kwamba Marekani inaelekea kuwa na madaktari wengi kupita kiasi. Mwaka huo huo Bunge liliweka kikomo cha nafasi za mafunzo ya hospitalini zinazolipiwa na serikali. Hesabu ilikuwa na kosa. Mwaka wa 2006 chama kilisema kinyume: nafasi za kuingia vyuoni ziongezwe kwa asilimia 30. Vyuo viliongeza, lakini kikomo cha hospitali kilibaki. Mwishoni mwa mwaka wa 2020 Bunge liliongeza nafasi 1,000 tu. Katika makadirio ya mwaka wa 2024, chama kilisema huenda nchi ikapungukiwa na madaktari hadi 86,000 ifikapo mwaka wa 2036.

Usidhani kwamba kosa hilo ni la Wamarekani peke yao. Karibu robo ya madaktari wafanyao kazi Marekani walisomea nchi nyingine. Nchi tajiri ikikosea hesabu ya mbegu, huvuna katika shamba la jirani. Na majirani wengine ni maskini, nao wamewasomesha madaktari hao kwa kodi ya wakulima wao.

Na mlango ule uliofungwa? Mwaka wa 1991 chama kiliazimia kwamba kufikia mwaka wa 2000 wanafunzi 3,000 wa makabila yaliyoachwa nyuma wawe wakiingia vyuoni kila mwaka. Lengo halikufikiwa. Wanawake wamefanikiwa zaidi: mwaka wa 2019, kwa mara ya kwanza, walipita nusu ya wanafunzi wote wa udaktari. Mwaka wa 2020 chama kililiondoa jina la Flexner katika tuzo yake kuu, kwa sababu ya maneno aliyoyaandika juu ya Weusi na wanawake. Kisha mwaka wa 2023 Mahakama ya Juu ilikataza vyuo kutazama rangi ya mtu katika kuchagua wanafunzi, na mwaka uliofuata idadi ya Weusi walioingia vyuo vya udaktari ilipungua kwa zaidi ya asilimia 10.

Basi mbele ya chama hiki pana kazi tatu. Ya kwanza ni kuhesabu kwa unyenyekevu, kikikumbuka mwaka wa 1997. Ya pili ni kutafuta, ndani ya sheria, njia ya kumwingiza mtoto wa maskini na wa mbali, hasa wakati ambapo mhitimu mwenye deni huanza kazi akidaiwa takriban dola 200,000; maana deni nalo ni mlango uliofungwa. Ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote: kuwa mkali bila ya kuwa mkatili. Chuo dhaifu chaweza kufungwa, nacho chaweza kusaidiwa. Mwaka wa 1910 wengi walijua kufunga tu.

Sasa naweza kumjibu mwanafunzi wangu. Chuo kikiachwa kijipime, hujipa alama nzuri. Kikipimwa na jirani mmoja, kutakuwa na wivu au upendeleo. Lakini vyuo vikikaa pamoja na kukubali sharti moja, kila kimoja huweza kufanya wema ambao kingeogopa kuufanya peke yake. Hiyo ndiyo faida ya chama, na miaka 150 yaishuhudia. Lakini mizani yenyewe nayo yataka kutazamwa, mwaka hata mwaka, na watu wawili: yule anayelala kitandani akingoja kutibiwa, na yule anayesimama nje ya mlango akingoja kufundishwa. Mmoja wao akisahauliwa, mizani imelala upande.

Nilipomweleza hayo, kijana yule alifikiri kidogo, akasema, "Basi, Mwalimu, hata sisi tungepaswa kukupima." Safari hii nilicheka mimi.